Maswali ya Wasomaji: Mhandisi na Mipango ya Nishati ya Taifa

SWALI: Sera ya nishati hutungwa na wanasiasa, na bei ya umeme huidhinishwa na wachumi na wanasheria wa mamlaka ya udhibiti. Je, mhandisi ana kazi gani zaidi ya kujenga mitambo aliyoagizwa?

JIBU: Anayo, tena huanza kabla mtambo haujaagizwa. Uzalishaji na matumizi ya umeme sharti vilingane kila sekunde. Visipolingana, masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, ambayo katika nchi nyingi ni hezi 50, huyumba papo hapo. Ndiyo maana mpango unaotaja jumla ya megawati peke yake haujasema mengi, kwa kuwa megawati 100 za jua hazifai kitu saa mbili usiku pasipo betri au bwawa la kuziba pengo.

Tazama yaliyotokea Uingereza tarehe 9 Agosti 2019. Radi ilipiga njia ya kusafirisha umeme, na karibu wakati uleule shamba la upepo la Hornsea, lililoko baharini, na mtambo wa gesi wa Little Barford vikapoteza uzalishaji mkubwa. Akiba ya uzalishaji iliyowekwa kwa dharura, takriban megawati 1,000, ilizidiwa. Masafa yakashuka hadi hezi 48.8, na vifaa vya kinga vikawakatia umeme wateja zaidi ya milioni moja ili gridi nzima, yaani mtandao wa umeme wa nchi, isianguke. Umeme ulirejea ndani ya saa moja, lakini treni kadhaa zilikwama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu zilikuwa zimepangwa kujizima masafa yakishuka chini ya hezi 49, na baadhi zilimsubiri fundi afike aziwashe. Kasoro ya namna hiyo haionekani katika hesabu za fedha.

Akiba iwe kubwa kiasi gani? Mhandisi hueleza hatari na gharama ya kila kiwango. Kuamua wananchi walipie kipi si kazi yake, na kwa maoni yangu asiachiwe.

Upande wa udhibiti ndiko anakokosekana zaidi. Kampuni ikiomba kupandisha bei kwa sababu ya upotevu wa umeme, lazima awepo mtu wa kutenganisha umeme unaogeuka joto kwenye nyaya, ambao hauepukiki wote, na ule unaoibwa au usiosomwa na mita mbovu. Mdhibiti asiye na wahandisi wake hulazimika kuzipokea takwimu hizo kutoka kwa kampuni ileile anayoidhibiti.