Kwa mrushaji wa besiboli anayeanza: kiwiko kwanza, kasi baadaye

Kutoka kilima cha kurushia hadi kibao cha nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44, na mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149. Anayetazama ligi kuu ya Marekani, ambako mpira wa kasi hupita kilomita 150 kwa saa, hudhani kazi yote ni ya mkono. Sivyo. Kasi huanzia miguuni, hupanda nyonga na kiwiliwili, ikafika begani, ndipo vidole viimalizie.

Kosa linaloharibu wengi ni bega la mbele kufunguka mapema. Mguu haujakanyaga, kifua tayari kimemgeukia mpigaji. Mkono unabaki nyuma, kiwiko kinabeba mzigo peke yake, na mpira unapaa. Piga hatua ukiwa umempa ubavu mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Kanyaga kwanza, nyonga izunguke, bega lifuate. Rudia polepole bila mpira, mtu akurekodi kwa simu kutoka pembeni.

Mipira ya aina mbili inakutosha kwa kuanzia. Wa kasi: ncha za kidole cha shahada na cha kati zikatize mshono pale unapojipinda kama kwato, gumba likae chini katikati, na pawe na nafasi ndogo kati ya mpira na kiganja. Wa pili ni chenjiapu, mpira wa polepole wa kumfanya mpigaji akosee wakati wa kupiga. Huu uzamishe kiganjani, lakini mkono uende kwa kasi ileile. Wengi hupunguza mwendo wa mkono, na mpigaji makini anakusoma hapohapo. Mipira ya kupinda isubiri mpaka hii miwili ikutii.

Sasa hesabu, na hapa hakuna mjadala. Mwongozo wa ligi kuu ya Marekani kwa vijana unasema wa miaka 15 na 16 asizidi mipira 95 kwa siku, wa 17 na 18 asizidi 105. Wa miaka 15 na 16 akifikisha 76, apumzike siku 4. Dalili za kuchoka zinaonekana kabla ya maumivu: kiwiko kinashuka chini ya bega, mipira inakwenda juu, mrushaji anachelewa kati ya mpira na mpira. Ukisikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko, au ganzi kwenye kidole cha pete na cha mwisho, acha siku hiyohiyo ukamwone daktari. Kumeza dawa ya maumivu ili umalize mechi ni kuficha ugonjwa.

Kano ya kiwiko ikikatika, kuna upasuaji. Daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John mwaka 1974. John akarudi uwanjani 1976, akarusha hadi 1989. Vijana huisikia habari hiyo wakaona kiwiko kina spea. Kupona huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na wapo wasiorudi kama walivyokuwa.

Kwenye timu za kulipwa, warushaji wa kuanzisha mechi kwa kawaida ni watano, kila mmoja na zamu yake. Siku baada ya mechi ni kukimbia kidogo na kujinyoosha. Ya pili au ya tatu, mipira 25 hadi 35 kwa mdakaji, kutengeneza kilichoharibika. Kabla ya zamu, mkono unapumzishwa.

Njia ya kufika juu ni ngazi: ligi za chipukizi, kisha A, AA na AAA, na wengi huishia katikati. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, timu ya ligi kuu ya Marekani, iliwasaini warushaji wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, kwa hiyo macho ya wasaka vipaji yameshafika kwetu. Jiandae na saa pia: ligi kuu inakupa sekunde 15 uanze kurusha kama hakuna mkimbiaji kwenye kituo, 18 akiwepo. Ukichelewa, unahesabiwa umerusha mpira mmoja mbaya, na mpigaji ananufaika bila kufanya lolote. Fanya mazoezi na saa ya simu tangu sasa.