Usiwape TV faili lenye sauti yako! Soma hapa kwanza

Usitume hilo faili. Kama umeshalituma, waandikie sasa hivi uwaambie toleo hilo si lenyewe, kisha rudi uendelee kusoma.

Presha imenipanda kwa hilo swali lako. Umealikwa kwenye kipindi cha televisheni kwa mara ya kwanza, meneja wako anataka upeleke wimbo mzima kama ulivyotoka studio, upande jukwaani utikise midomo, kwa kuwa eti "kwenye TV hakuna anayeimba kweli". Halafu unatuuliza kama ni kweli, uvae nini, wachezaji wawe wangapi na uangalie kamera ipi. Mdogo wangu, ya nguo tutayafikia. Maneno ya meneja wako nayajua kwa sababu na mimi niliambiwa hayohayo na prodyuza wangu, amejiegemeza kwenye kiti chake cha kuzunguka: "TV ni picha. Sauti ipo kwenye faili. Wewe kazi yako upendeze."

Nikapendeza. Tena nilipendeza kwelikweli, hata wanaonicheka kwenye ile klipu hilo hawalikatai.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wimbo ulikuwa na matoleo mawili: lile refu, na lile lililofupishwa kwa ajili ya redio, ambalo ubeti wa pili umekatwa katikati na kuingia moja kwa moja kwenye kiitikio. Yote mawili yalikuwa na sauti yangu ya kuongoza imegandishwa humo humo na biti. Prodyuza alituma fupi. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi ya refu. Kwenye kupima mitambo fundi alicheza sekunde chache za mwanzo, akaonyesha dole gumba, tukaachana. Bila shaka ilikuwa sawa! Matoleo yote mawili yanaanza sawasawa, hapo ndipo mtego ulipo.

Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja. Ubeti wa kwanza, safi. Ubeti wa pili nipo katikati ya mstari, mkono juu, macho nimefumba kwa hisia, mara spika zinaimba kiitikio. Mdomo wangu uko kwenye neno hili, sauti yangu iko kwenye neno lile. Unajua nilifanya nini? Nikaigeuzia hadhira maiki, kana kwamba nawaachia wao waimbe. Wimbo ulikuwa mpya kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeujua. Kamera ikapita taratibu kwenye nyuso za watu wanaonitazama kwa huruma, na sauti yangu inaendelea kuimba kwa raha zake bila mimi.

Ukidhani hapo ndiyo mwisho, bado. Nyimbo nyingi za rekodi hazimaliziki, zinafifia. Kwenye redio mtangazaji anaongea juu yake, hakuna shida. Jukwaani unafumba mdomo lini? Mimi nilifumba mapema, nikainamisha kichwa kushukuru, na humo kwenye spika nikasikika bado navuta "ooooh" ya mwisho, ndogo, inayoondoka.

Kisha mtangazaji, ambaye nadhani alitaka kuniokoa, akasema: "Hebu tuimbie kidogo bila muziki." Akanipa maiki yake, maana ya kwangu haikuwa imefunguliwa tangu mwanzo. Koo la baridi, sikuwa nimelipasha hata kidogo. Ya nini kulipasha na mtu huimbi? Hakuna biti ya kunipa ufunguo wa wimbo, yaani sauti ya kuanzia, nikaanzia juu mno, na kwenye mstari uleule ambao muda mfupi uliopita ulitoka laini kama mafuta, sauti ikapasuka mbele ya kila mtu. Ningeimba vibaya tangu mwanzo, wangesema ana woga wa mara ya kwanza, atakaa sawa. Lakini kusikika mzuri kupita kiasi na kisha kusikika hivyo, bila hata tangazo la biashara katikati, watu walijumlisha wenyewe: huyu si yeye anayeimba kwenye rekodi.

Na mimi naimba! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nimekulia kwenye kwaya, naweza kukaa kwenye sauti ya pili huku watatu wananivuta kwenye ya kwanza. Ziara niliyokuwa nimeahidiwa nafasi ikaniacha kimyakimya. Kwa muda mrefu kila aliyetaka kunialika aliniomba kwanza nimwimbie hapo ofisini kwake, mchana kweupe, mbele ya feni na makaratasi. Prodyuza naye? Aliniambia tatizo ni mimi "sikuwa na uzoefu wa kamera". Uzoefu wa kamera! Mtu ametuma faili lisilo lenyewe, hakuniambia, hakuwepo siku ile hata kubeba begi, na malipo yake alishachukua. Hawa watu wanaosema "wote wanafanya hivyo" angalia vizuri, mara nyingi hakuna hata mmoja wao anayepanda jukwaani.

Tena hiyo "wote wanafanya hivyo" ni nusu ya habari. Ni kweli wakubwa wameigiza. Pavarotti, yule mwimbaji wa opera, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya baridi ya Turin mwaka 2006 alifuatisha rekodi aliyoitengeneza kabla, na okestra nayo ikaigiza kupiga. Alikuwa mgonjwa, baridi ni kali, na sifa yake ilishajengwa kwa miongo. Beyoncé alifuatisha rekodi kwenye kuapishwa kwa Obama Januari 2013, akaeleza kwamba hakupata muda wa kutosha wa mazoezi na okestra. Lakini angalia alivyofanya alipokutana na waandishi wa habari: kabla ya swali lolote aliuimba wimbo wa taifa palepale, laivu, kisha akauliza kama kuna maswali. Wewe na mimi mtangazaji akitupa maiki tunafanya nini?

Na wengi unaodhani wanaigiza wanaimba, ila muziki nyuma yao ndio wa rekodi. Bendi ya Red Hot Chili Peppers kwenye Super Bowl ya 2014, ile fainali ya futiboli ya Marekani, magitaa yao hayakuwa yamechomekwa popote, watu waliona. Flea, mpiga besi wao, mwenyewe akaandika waziwazi kwamba ala zilirekodiwa kabla, lakini mwimbaji aliimba papo hapo. Eurovision nako, lile shindano la nyimbo la Ulaya, ala zote ni rekodi ila sauti ya kuongoza sharti iimbwe hapo hapo. BBC waliwahi kuwataka waimbaji wa kipindi chao cha muziki, Top of the Pops, waimbe wenyewe juu ya muziki uliorekodiwa, na mwaka 1991 Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana akaitumia nafasi hiyo kuimba kwa sauti nzito ya chini ya kuchekesha, huku gita lake anajifanya tu kulipiga. Sababu ya utaratibu huo ni nyepesi. Bendi nzima inahitaji maiki nyingi, fundi wa kutosha na muda mrefu wa kupima, na kipindi kina dakika tatu tu za wimbo wako. Mwimbaji mmoja na maiki moja, hilo wanaliweza.

Kinyume chake ni mwimbaji Ashlee Simpson, kwenye Saturday Night Live, kipindi cha TV cha Marekani kinachokwenda hewani moja kwa moja, Oktoba 2004. Alirudi kwa wimbo wa pili, mitambo ikacheza wa kwanza, sauti yake ikatoka kabla hajainua maiki mdomoni. Akacheza kidogo pale jukwaani, akaondoka, mwishoni akaisingizia bendi. Mimi hata bendi ya kusingizia sikuwa nayo. Lile lisingetokea kama humo kwenye mitambo kungekuwa na muziki mtupu. Mafundi wangecheza wimbo usio wenyewe, yeye angecheka, wangeanza upya, yameisha.

(Milli Vanilli, wale wawili waliosifika kwa nyimbo za pop, usiwachanganye humu. Wale sauti hazikuwa zao kabisa, ndiyo maana mwaka 1990 walinyang'anywa Grammy. Wewe sauti ni yako, ndiyo maana ni ujinga kuificha.)

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaisema mpaka mnichoke: faili lenye sauti yako ya kuongoza lisiingie kwenye jengo la televisheni. Mwambie prodyuza akutolee biti na viitikio vya nyuma peke yake. Sauti ya kuongoza itolewe kabisa, isiachwe hata kwa mbali "ya kukusaidia", maana hiyo ya kukusaidia ndiyo itakayokuumbua ukikosea mstari. Wimbo uwe na mwisho unaokatika, usififie. Urefu uandikwe kwenye jina la faili, toleo jingine lolote lifutwe kwenye kila flashi unayobeba. Na siku ya kupima mitambo usikubali sekunde chache. Wimbo uchezwe mpaka mwisho, na wewe unaimba, maiki iko wazi.

Ukiwa hapo dai kitu kingine: biti uisikie karibu, kwenye monita, ile spika inayokuelekea wewe, au masikioni. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 17 kutoka ulipo, unaisikia imechelewa karibu sehemu ya ishirini ya sekunde, na wewe utaimba ukiwa nyuma ya biti huku unadhani uko sawa. Ukiigiza ni vilevile, mdomo utabaki nyuma na mtu wa nyumbani ataona tu kuna kitu hakikai sawa.

Wakikuambia kipindi chao ni pleibeki tupu, hawafungui maiki kwa yeyote, jibu langu ni usiende. Najua hutanisikiliza, nafasi ya TV ni tamu. Basi kama ni lazima, imba kwa sauti yako yote humo humo kwenye maiki iliyozimwa. Anayenong'ona anaonekana: shingo haikazi, pumzi haiingii panapotakiwa. Na koo lipashe kama unayekwenda kuimba laivu, kwa sababu yule mtangazaji mwenye huruma yupo kwenye kila kipindi.

Waandikie watu wa kipindi leo, wewe mwenyewe, usimpitishie meneja. Waulize maiki itakuwa wazi au la, nani atakayebonyeza kitufe cha kuchezesha, na kama mtapata kuupitia wimbo wote kabla ya kwenda hewani. Majibu yao yabandike hapa tuyaone kabla hujatuma chochote.