Unaanza Linux? Jua kwanza uko folda gani, ndio uanze kukompaili

Ndugu zangu mnaoanza Linux, naona wengi mnakwama palepale, mtu kashusha faili la .tar.gz (kifurushi kilichobanwa chenye sosi ya programu), kafungua teminali, kakopi amri za mtandaoni, kapesti, imegoma, basi anasema Linux ngumu. Jamani sio ngumu kihivyo, ila lazima uzoee kujua uko wapi. Andika pwd ikwambie folda uliyopo, ls uone vilivyomo, cd uhamie kwingine, na ukianza kuandika jina la folda bonyeza Tab ikumalizie, isipomalizia mara nyingi ujue jina umelikosea au halipo hapo. Herufi kubwa na ndogo nazo ni tofauti, downloads sio Downloads.

Kama programu ipo kwenye apt, yaani kisakinishi cha programu cha Ubuntu na Debian, chukua ya apt, itakuletea na vyote inavyovitegemea na masasisho juu. Kukompaili kutoka sosi, yaani kuijenga programu mwenyewe kutoka msimbo wake, ni pale unapotaka toleo ambalo apt haina, au unataka kujifunza, na wa kujifunza namshauri aanze na GNU Hello, programu ndogo iliyotengenezwa makusudi iwe mfano. Kwenye Ubuntu au Debian tanguliza sudo apt install build-essential, ndio yenye gcc na make, zana za kukompailia (sudo ni kuendesha amri kwa ruhusa ya msimamizi). Halafu ukiwa kwenye folda ulikoshushia hello-2.10.tar.gz piga moja moja, sio zote kwa mkupuo:

tar xf hello-2.10.tar.gz
cd hello-2.10
./configure --prefix=$HOME/.local
make
make install

Ile ./ usiiache, maana Linux haitafuti amri kwenye folda uliyopo, inatafuta kwenye folda zilizoorodheshwa ndani ya PATH tu. Na hiyo prefix, inayosema programu iwekwe wapi, naisisitiza sana kwa mgeni, bila hiyo programu inaenda /usr/local na itabidi utumie sudo, ila ukiiweka kwenye folda yako ya home huhitaji sudo kabisa. Ukiandika hello ikasema haipo, logauti uingie tena ili .local/bin iingie kwenye PATH.

Sasa ukihamia programu kubwa ndio utakutana na hii: fatal error: zlib.h: No such file or directory. Wengi wanaangalia mstari wa mwisho tu, ile "Error 1" ya make, na ile haikwambii chochote, panda juu mpaka kosa la kwanza kabisa. Utashangaa mbona zlib (maktaba ya kubana data) ninayo, ni kweli unayo ila ni ya kuendeshea programu, mafaili ya .h ya kujengea yako kwenye pakeji ya peke yake inayoishia na -dev, hapa ni zlib1g-dev, na kwa wa Fedora huishia na -devel. Kama hujui jina la pakeji weka apt-file, piga sudo apt-file update, kisha apt-file search zlib.h itakutajia. Iweke, rudia ./configure, endelea, ikidai nyingine fanya hivyohivyo. Configure yenyewe ikigoma fungua config.log humohumo ndani ya folda, sababu imeandikwa.

Ukimaliza usifute folda ya sosi, programu nyingi zina make uninstall na inafanyia kazi humo humo.