Maswali na majibu: Riwaya ndefu za fantasia

The Lord of the Rings inanishinda kila nikianza. Nakwama mwanzoni kabisa.
Huenda kinachokukwamisha ni dibaji, hadithi hujaifikia. Mwandishi wake, Tolkien, anaanza kwa kueleza mila za Wahobiti, wale watu wafupi wa hadithi hii, hadi tumbaku wanayovuta, kabla hakijatokea kisa chochote. Iruke, anzia sura ya kwanza. Ukiirudia baadaye, ukiwa umeshawazoea Wahobiti wenyewe, utaiona tamu. Ila viambatisho vya juzuu ya 3 usivichungulie mapema: vinataja yaliyowapata wahusika baada ya vita.

Majina yananichanganya.
Yanayosumbua zaidi ni yale yanayoanza kwa herufi moja: Sauron na Saruman wa The Lord of the Rings, au Egwene, Elayne na Elaida wa mfululizo wa The Wheel of Time. Kata nusu karatasi, iwe ndiyo alama yako ya ukurasa. Andika jina, kazi ya mtu huyo na yuko upande wa nani, basi. Mwandike akitokea mara ya pili. Ukiandika kila anayepita, karatasi itajaa mapema na utaacha kuitazama. Ramani ipige picha kwa simu. Wanaosomea kwenye kishikwambi wanaihitaji zaidi, maana kurudi mwanzo wa kitabu kila safari kunakata uhondo.

The Wheel of Time imepoa katikati. Niiache?
Usiiache bado. Mfululizo una juzuu 14, na ya 10 ndiyo inayowachosha wengi. Sababu yake inajulikana: juzuu ya 9 inaishia kwenye tukio kubwa mno, kisha sehemu kubwa ya ya 10 inarudi kusimulia wengine walikuwa wapi tukio hilo likiendelea. Kurasa zinakwenda, siku haziendi. Hapo soma haraka, sura za Perrin na Elayne zipitie juujuu. Ya 11 inachangamka. Mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki mwaka 2007, na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akaandika juzuu 3 za mwisho kwa kufuata maelezo aliyoyaacha. Kwa hiyo mwisho upo, tena mzuri.

Nitamaliza lini?
The Lord of the Rings ina maneno yapatayo 480,000. Kwa maneno 200 kwa dakika ni saa 40. Ukisoma nusu saa kila siku, siku 80. Kama Kiingereza kinakupa shida, weka siku 110 na usome bila kamusi mkononi. Tafuta neno pale tu linapojirudia na bado hujalielewa.