HYROX: miguu kuisha baada ya sledi

Ndugu, kwenye HYROX, mashindano ya kukimbia kilomita moja moja na kufanya zoezi la nguvu kila baada ya kilomita, kama unakimbia kilomita 10 kwa dakika 50 lakini ukishasukuma sledi (fremu ya chuma yenye uzito inayosukumwa sakafuni) unaburuza miguu kilomita nzima inayofuata, pumzi unayo. Unachokosa ni mazoea ya kukimbia na mapaja yaliyokwisha kuchoka.

Kwa wanaume wa Open, yaani daraja la kawaida, sledi ni kilo 152 ikiwemo yenyewe, mita 50. Wengi huivamia kwa pupa, mikono imenyooka, makalio juu, na kufika mita 20 mapaja yanawaka. Kunja viwiko, sogeza bega karibu na nguzo za sledi, piga hatua fupi zisizokatika. Simama sekunde 5 kila unapomaliza mita 12.5, kabla hujalazimika. Kuianzisha upya sledi iliyokwama katikati ndiko kunakomaliza miguu.

Mara moja kwa wiki: kimbia kilomita 1 kwa dakika 5 na sekunde 20, sukuma mita 50, kimbia tena kilomita 1 papo hapo. Pumzika dakika 3, rudia mara 3. Anza na kilo 100, ongeza 10 kila wiki ukiona kilomita ya pili haipungui kasi kwa zaidi ya sekunde 20. Angalia pia sakafu: kilo zilezile huwa nzito zaidi kwenye zulia kuliko kwenye saruji laini, kwa hiyo uzito wa gym usikudanganye.

Huna sledi? Beba mfuko wa mchanga kilo 20, piga hatua ndefu za kugusisha goti chini mita 60, kisha kimbia. Usifanye hivyo siku moja kabla ya mbio zako ndefu.