Kununua nyumba ya kustaafia nje kabla hujaiona: mimi nililipa kwanza

Mkuu, umesema umebakiza miezi 14 ustaafu, umetumiwa video ya apatimenti kwenye nchi ambayo hujawahi kuikanyaga, na dalali anataka arabuni kabla ya Ijumaa kwa sababu eti kuna mnunuzi mwingine. Unauliza ulipe halafu ndiyo uende, au uende kwanza. Nenda kwanza. Huyo mnunuzi mwingine na mimi niliambiwa yupo, na mpaka leo sijamwona.

Yangu ilikuwa Hispania, pwani ya Mediterania. Video ya dakika nne: inaanzia ndani ya lifti, mlango unafunguka, korido safi, sebule, kisha baraza na bahari yote mbele yako. Niliirudia mpaka nikaikariri. Mke wangu aliitazama mara moja tu, akauliza, "Mbona wameanzia ndani ya lifti?" Nikamwambia aache kutafuta kasoro. Akanijibu, "Wewe hununui hata viatu bila kuvijaribu." Usiku huohuo nikatuma fedha ya kuishikilia nyumba isitangazwe tena. Karatasi yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, mstari wa chini kabisa ukisema fedha hairudishwi, na niliisaini kwa kidole kwenye simu.

Hatua ya pili kule ni mkataba wa arabuni wanaouita arras, na hapo kwa desturi unaweka 10% ya bei. Sheria yao ya madai, kifungu cha 1454, inasema mnunuzi akijitoa anaiacha, muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Fedha hiyo ndiyo mke wangu aliyoigomea. Sharti lake lilikuwa tukapange kwenye jengo hilohilo mwezi mzima, tena Januari. Nilibisha sana kuhusu Januari. Nani anakwenda ufukweni Januari? Akasema nyumba ya kustaafia inakaliwa na Januari pia.

Tulifika usiku. Teksi ilitushusha barabarani na ndipo nikajua kwa nini video ilianzia ndani ya lifti: kutoka barabarani mpaka mlango wa lifti kuna ngazi 34, jengo limechongwa kwenye kilima. Idadi ninayo kwa sababu nilizipanda mara tatu na mabegi. Mke wangu ana goti bovu. Aliketi katikati ya ngazi na mkoba wake mapajani, akanitazama tu. Afadhali angenisema.

Asubuhi bahari ilikuwepo kama tulivyoahidiwa, sina ubishi. Ila upande wetu wa jengo madirisha karibu yote yalikuwa yameshushiwa mapazia ya plastiki, na usiku niliona taa kwenye baraza tatu tu. Wenye nyumba huja kiangazi. Duka la karibu lilikuwa limefungwa mpaka Machi. Basi lililokuwa likipita kila nusu saa kwa mujibu wa dalali, ratiba hiyo ni ya Julai na Agosti. Tulichokipata sisi ni mabasi manne kwa siku, Jumapili hakuna. Halafu baridi. Sakafu ya vigae, kuta nyembamba, hakuna kipasha joto zaidi ya kile kiyoyozi cha ukutani. Nyumba zile zimejengwa kukimbia joto. Kuna siku tulitoka nje kwenda kuota jua kwa sababu ndani kulikuwa na baridi kuliko nje, na kwenye kona ya chumba cha kulala, nyuma ya kabati, ukuta ulikuwa na ukungu mweusi.

Kipimo kilichoniamulia kilikuwa cha zahanati. Tangazo lilisema "dakika sita kwa gari". Nikajiuliza, na siku nitakayokatazwa kuendesha? Tukatembea. Dakika 50 kwenda, na kurudi ni mlima. Ushauri wangu, mkuu, ukifika huko kaa siku mbili bila gari kabisa. Nenda kanunue dawa, rudi na mizigo ya sokoni, jaribu kupata miadi ya daktari kwa lugha yao. Sisi tunaponunua nyumba ya kustaafia tunamnunulia mtu wa miaka 80, lakini anayekwenda kuikagua ana 59 na magoti mazima.

Sasa upande wa makaratasi, ambao video haina hata sekunde moja ya kuuonyesha.

Kwanza, kumiliki nyumba na kuruhusiwa kukaa ni mambo mawili mbalimbali. Wengi wanaungua hapa. Hispania ilikuwa na viza ya wawekezaji, unanunua nyumba ya euro 500,000 unapata ukaazi. Imefutwa tangu tarehe 3 Aprili 2025. Ureno iliondoa njia ya nyumba kwenye viza yake mwaka 2023. Kama huna uraia wa Umoja wa Ulaya wala kibali, ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, unakaa siku 90 katika kila siku 180, hata kama nyumba ni yako na umeilipia yote. Waingereza wenye nyumba za Hispania waliionja hiyo kuanzia Januari 2021, kipindi cha mpito cha Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kilipokwisha: mtu ana funguo mfukoni lakini kalenda inamwambia aondoke.

Pili, kuna nchi ambazo unachouziwa sicho unachodhani. Thailand mgeni hamiliki ardhi kwa kawaida. Anaweza kumiliki apatimenti, na wageni wote kwa pamoja wasizidi 49% ya eneo la jengo. Ukiambiwa nyumba ya chini yenye bustani ni "yako", mara nyingi ni upangaji wa miaka 30. Meksiko, ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na 100 kutoka mpakani, mgeni ananunua kupitia benki inayomshikia nyumba kama mdhamini, hati ikiwa kwa jina la benki. Si wizi, ni utaratibu wao halali, lakini ni vizuri ukaujua kabla ya kulipa. Na kule kaskazini mwa Kupro, eneo ambalo serikali ya Kupro hailidhibiti tangu Uturuki ilipovamia mwaka 1974, kuna kesi ambayo ningemsomea kila mtu anayenunua kwa picha. Mume na mke Waingereza walinunua kiwanja na kujenga, kumbe ardhi ilikuwa ya Mkupro Mgiriki aliyeikimbia mwaka huo. Mahakama ya Nicosia, mji mkuu wa Kupro, ikaamuru nyumba ibomolewe, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema Uingereza haiwezi kukataa hukumu hiyo kwa sababu tu ardhi iko kaskazini, kwa hiyo mali zao za kwao nazo zikawa hatarini. Wale walikuwa wameliona eneo kwa macho yao. Kwenda peke yake hakutoshi kama hujasoma hati.

Kwa Hispania hati ni rahisi kupata. Dondoo la ofisi ya usajili wa ardhi, nota simple, unaliagiza mtandaoni kwa fedha kidogo na linakuonyesha mmiliki ni nani na kama kuna rehani. Langu lilikuwa safi. Kilichotoka baadaye ni deni la michango ya jengo, ya lifti, usafi na bwawa. Mwenye nyumba alikuwa hajalipa karibu miaka miwili, na kule deni hilo linafuata nyumba: anayenunua anabeba la mwaka huo na la miaka mitatu ya nyuma. Dalali alilijua? Sijui, na sikumuuliza, nilikuwa nimeshachoka naye. Wakili wangu ndiye aliyelifukua, na nasema wakili wangu kwa maana ya niliyemtafuta mwenyewe. Yule wa kwanza nilipewa na dalali, tena akanitaka nimpe hati ya uwakilishi ili anisainie kila kitu nisisumbuke kusafiri. Usikubali hilo hata kidogo. Na notari wa kule, ofisa anayethibitisha mikataba, anahakikisha mauziano yanafuata sheria, hamtetei mnunuzi. Usije ukamhesabu kama wakili.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Kodi na ada za kununua zinaweza kukaribia 10% au kuzidi, na ukiuza hazirudi, kwa hiyo nyumba ukiichoka mwaka wa pili umeumia hata bei isiposhuka. Pensheni inalipwa kwa sarafu moja, michango na umeme kwa nyingine. Na ulizia pensheni yako inafanyaje ukihama: Mwingereza akistaafia Kanada au Australia, pensheni ya serikali haipandi tena kila mwaka, inabaki pale ilipokuwa alipohama au alipoanza kuilipwa. Mmarekani naye bima yake ya uzeeni, Medicare, kwa kawaida haimlipii matibabu nje.

Utaniuliza kama hakuna anayeweza kununua bila kufika akafaulu. Wapo. Namjua mmoja, lakini alikuwa amefanya kazi kwenye mji huohuo miaka tisa na dada wa mkewe yuko mtaa wa pili. Huyo hakununua kwa video, alinunua kwa kumbukumbu. Wewe umesema hujawahi kufika.

Kwa hiyo Ijumaa mwache dalali apige simu, usipokee. Pangisha miezi mitatu, miezi mibaya, iwe ya baridi au ya mvua kutegemea na nchi. Kama nyumba itauzwa ukiwa bado unatafakari, iuzwe. Fedha yangu ya kushikilia ilipotea yote, na mke wangu kwa hisani yake huitaja mara moja tu kwa mwaka.

Sisi tulipata viza ya wasiofanya kazi, tukapanga kwenye mji wa ndani, kilomita thelathini kutoka baharini, ghorofa ya kwanza, hospitali unaiona dirishani. Huu mwaka wa nne na bado tunapanga. Bahari tunaifuata kwa basi. Mwezi uliopita nimeiona tena ile apatimenti ikiuzwa, bei imeshushwa kidogo. Video ni ileile, inaanzia ndani ya lifti.