Maswali ya Wasomaji: Harrier Old Model, Tako la Nyani au Anaconda?

Safari hii kurasa zetu za maswali tumezitenga kwa Toyota Harrier iliyotumika. Jina hili limebandikwa kwenye vizazi vinne vya gari vyenye injini za aina nyingi, na bei za sokoni hufuata sura kuliko kilichomo chini ya boneti. Maswali tumeyafupisha.

Natafuta gari la familia. Kila mtu ananitajia old model, Tako la Nyani, Anaconda. Ukiacha sura, vinatofautianaje? (Msomaji, Morogoro)

Kizazi cha kwanza, ndiyo old model, kilitoka Desemba 1997 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2003. Nje ya Japani kiliuzwa kama Lexus RX 300. Kilianza na injini ya lita 2.2 (5S-FE), ambayo mwaka 2000 iliipisha 2.4 (2AZ-FE). Pembeni yake kulikuwa na V6, yaani ya silinda sita, ya 3.0 (1MZ-FE).

Tako la Nyani, kizazi cha pili, lilianza Februari 2003. Hapa 2.4 inaitwa 240G, V6 ya 3.0 ni 300G, na kuanzia 2006 ikaja 350G yenye injini ya 3.5 (2GR-FE). Haibridi (petroli na umeme) ya V6 ya 3.3 iliingia mwaka 2005.

Anaconda, kizazi cha tatu, ilitoka Novemba 2013 na injini ya 2.0 (3ZR-FAE) yenye gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Miezi michache baadaye ikafuata haibridi ya 2.5, na mwaka 2017 turbo ya 2.0. Kizazi cha nne, cha Juni 2020, bado bei yake iko juu na wengi walioandika hawakigusi, kwa hiyo tunakiacha.

Jambo moja huwashangaza wanunuzi: Anaconda si kubwa kuliko Tako la Nyani. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ulipungua kutoka milimita 2,715 hadi 2,660, kwa sababu Toyota walihamia kwenye msingi wa RAV4. Ukiwa na watu wazima watatu wa kukaa nyuma, wakalishe kwanza kabla ya kulipia.

Ushauri wetu ni kuchagua injini kwanza, kisha ndiyo uchague mwili. Usitegemee maneno yaliyobandikwa mlango wa nyuma, maana hubadilishwa kirahisi. Fungua boneti, tafuta kibao cha chuma, soma msimbo wa modeli. SXU ni 2.2, ACU ni 2.4, MCU ni V6 ya 3.0, GSU ni 3.5, MHU ni haibridi ya 3.3, ZSU ni 2.0, AVU ni haibridi ya 2.5, ASU ni turbo. Kwa zisizo haibridi, namba inayofuata ikiishia na 0 au 1, gari linavuta tairi za mbele tu. Ikiishia na 5 au 6, linavuta zote nne. ACU30W na ACU35W ni gari lilelile kwa macho, lakini la pili lina shafti, difu ya nyuma na bearing za ziada za kutunza. Kama safari zako ni za lami na vumbi la kawaida, hizo ni gharama usizozihitaji.

Nimeonyeshwa 240G ya 2005. Muuzaji anajisifu injini haijawahi kufunguliwa. Fundi wangu anasema injini hizo zina ugonjwa wa kuchemsha. Nimwamini nani? (Msomaji, Dodoma)

Mwamini fundi, kisha ukague, kwa sababu 240G ambayo bado haijaugua ni gari zuri sana kwa bei yake.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Bloku ya 2AZ-FE, injini ya 240G, ni ya aluminiamu, na hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, imeshikwa na bolti 10. Kwenye injini za miaka ya mwanzo, hadi kama 2006, nyuzi za ndani ya bloku zinazoshika bolti hizo zilikuwa fupi. Injini ikipata moto na kupoa mara maelfu, nyuzi za upande wa nyuma, unaotazama kabini, hung'oka. Bolti inabaki mahali pake lakini haikazi tena. Gasketi ya hedi inalegea, kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inaanza kutoka kidogo kidogo. Geji ya joto haisemi kitu katika hatua hii. Mwenye gari anaona maji yanapungua, anaongeza ya bomba, maisha yanaendelea, mpaka siku anapopanda mlima Kitonga na mzigo huku AC ikiwa imewashwa. Baadaye Toyota walizirefusha nyuzi hizo.

Kwa hiyo kauli ya kwamba injini haijafunguliwa haikuhakikishii chochote. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Fungua kizibo cha rejeta: kulanti ijae mpaka shingoni na iwe na rangi ya waridi au nyekundu. Maji matupu yenye kutu yanaeleza kuwa kuna mtu amekuwa akiongeza. Kisha chukua tochi, angalia nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku, juu ya bati la kuzuia joto la egzosi. Utando mkavu mweupe au wa waridi hapo ndio alama unayoitafuta.

Washa gari, weka hita kwenye joto la mwisho, liache likae sailensa, bila kukanyaga mafuta, mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Hita ikianza kutoa hewa baridi wakati geji inapanda, kulanti imepungua au kuna hewa ndani ya mfumo. Halafu tafuta mlima, panda na AC ikiwa imewashwa, rudi ukaangalie chupa ya akiba kama inatoa mapovu. Fundi mwenye kipimo cha dawa ya bluu akiweke kwenye mdomo wa rejeta: dawa ikigeuka njano, moshi wa injini unaingia kwenye maji.

Ukikuta limeshatengenezwa, uliza limetengenezwa vipi. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii, kwa sababu bolti mpya itaingia kwenye nyuzi zilezile zilizong'oka. Kazi inayodumu ni kuchimba matundu yote 10, si yale yaliyoharibika tu, na kuyawekea nyuzi mpya za chuma kwa vifaa vyake maalumu, kisha kusawazisha hedi kwenye mashine na kufunga bolti mpya kwa spana ya kupima mkazo. Muuzaji akikuonyesha risiti ya kazi hiyo, gari lake lina thamani kuliko lile ambalo halijafunguliwa. Ukishauriwa kufunga injini ya mtumba badala yake, jua kwamba na yenyewe inaweza kuwa na nyuzi fupi.

240G yangu ya 2008 inakula oili, kama lita moja kila kilomita 1,500. Haivuji popote. Niweke oili nzito? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Oili nzito itapunguza dalili kwa muda na kuchelewa kufika juu ya injini asubuhi. Injini hiyohiyo ilipolalamikiwa Marekani kwenye Camry na RAV4 za takriban 2006 hadi 2009, Toyota waliweka kipimo: ikipungua zaidi ya lita 0.95 hivi kwa kila kilomita 1,930, wanabadilisha pistoni na ringi. Yako imevuka kipimo hicho. Sababu ni ringi za oili kuganda kwa masizi, kwa kuwa matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo.

Kabla ya kufungua, badilisha vali ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini. Ni spea ya bei ndogo, na ikiziba inasukuma oili kwenye njia ya hewa. Pima tena kwa kilomita 1,000, gari likiwa limesimama sehemu tambarare kila unapokagua kijiti. Kama hakuna nafuu, dawa ni pistoni zenye muundo mpya pamoja na ringi zake. Ringi mpya kwenye pistoni za zamani zitaganda tena. Ukiahirisha kazi, kagua oili kila wiki. Injini hizi hufa kwa kukaukiwa zaidi ya kufa kwa umri.

300G na 350G zinauzwa bei ya chini kuliko 240G. Kuna nini? (Msomaji, Arusha)

Kuna petroli. Kwenye foleni za mjini V6 itakunywea kiasi ambacho unafuu wa kununua utaisha mapema. Lakini kama unasafiri mbali na umelikubali hilo, zingatia haya.

1MZ-FE ya 3.0 hutumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo badilisha pampu, tensheni na sili za mbele siku hiyohiyo, usilipie ufundi mara mbili. Hiyo ni sawa pia kwa 2.2 ya old model. Fungua kizibo cha oili na uchungulie: tope jeusi zito ni sababu ya kuondoka. Injini hii inajulikana kwa kuganda oili inapocheleweshewa sevisi.

2GR-FE ya 3.5 ina cheni, na kwetu ndiyo V6 bora zaidi ya mbili hizi. Udhaifu wake mkubwa ni bomba la oili la VVT-i (mtambo wa kurekebisha muda wa vali) lenye kipande cha mpira katikati. Mpira huo ukipasuka, oili inamwagika yote kwa dakika chache na injini inakufa barabarani. Toyota walitoa bomba la chuma tupu mbadala. Likague kabla ya kununua. Kama bado lina mpira, hiyo iwe kazi ya kwanza.

Epuka lenye AIRS, yaani shokapu za upepo, isipokuwa tayari limebadilishiwa spring za kawaida. Lipaki usiku kucha, asubuhi upime kwa futi kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila tairi. Kona iliyolala inavuja.

Kati ya Anaconda ya 2.0 na ya haibridi, ipi haitanisumbua? (Msomaji, Tanga)

Kwa mtu asiye na fundi wa haibridi karibu, 2.0. Ina cc 1,986, na hapa Tanzania ushuru wa bidhaa hupanda gari likivuka cc 2,000, hivyo inaanza na nafuu ambayo 2.4 haina. Japani toleo la kuvuta mbele lilipimwa kilomita 16 kwa lita. Kwa matumizi yetu tarajia 10 hadi 12. Usitarajie nguvu. Farasi 151 kwenye gari zito hivi huonekana wazi likiwa na watu watano mlimani.

Uzima wa gari hili uko kwenye CVT. Endesha taratibu kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa: likitetemeka kama linapita kwenye mabati, au likivuma kadiri mwendo unavyopanda, achana nalo. Mafuta ya CVT ya Toyota yapo ya aina ya TC na FE, hayachanganywi, wala hayabadilishwi na ATF (mafuta ya gia otomatiki) ya kawaida. T-IV ya magari ya zamani ikimwagwa humo, CVT inaharibika. Sisi tunashauri yabadilishwe kila kilomita 40,000 hadi 60,000 kwa joto na foleni zetu, hata kama umeambiwa ni ya maisha yote. Injini yenyewe iwekewe oili ya 0W-20, na uangalie pampu ya maji kama ina mabaki ya waridi. Taa ya injini ikiwaka huku gari limepoteza nguvu, mtambo wa Valvematic unaoendesha vali upimwe kwa mashine kabla ya kubadilisha plagi na koili kwa kubahatisha.

Haibridi ina betri kubwa ya nikeli chini ya kiti cha nyuma, inayopozwa kwa feni inayovuta hewa ya kabini. Vumbi likiziba njia hiyo, au mizigo ikiifunika, betri inachemka na kufa kabla ya wakati. Mwombe fundi asome volti za kila kundi la seli. Kundi moja likiwa chini kuliko mengine, usinunue kwa bei kamili.

Nataka kuagiza Anaconda ya 2014 kutoka Japani. (Msomaji, Nairobi)

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, kwa hiyo la 2014 utalipata kwa kununua lililokwisha kuwa nchini tu. Kwa walio Tanzania linaingia, ila kuna nyongeza ya ushuru wa uchakavu kwa magari ya miaka 8 na zaidi. Ingiza modeli kamili kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla ya kumtumia wakala fedha.

Nitajuaje kilomita ni za kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kama gari limetoka Japani karibuni, dai cheti cha kuuza nje na karatasi ya mnada. Cheti huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali wa huko. Zilinganishe na deshibodi. Karatasi ya mnada yenye daraja R au RA inaonyesha gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa gari lililokaa nchini, angalia pedali ya breki, usukani upande wa kulia wa juu, na ukingo wa kiti cha dereva. Ngozi iliyochakaa haiendani na kilomita 60,000.

Kwa lenye kuvuta tairi nne, hakikisha tairi zote ni za saizi moja na zimeisha kwa kiwango kimoja. Old model na Tako la Nyani zisizo haibridi hugawa nguvu muda wote, na tairi zilizopishana unene huchosha mtambo wa katikati. Zungusha usukani hadi mwisho kwenye uwanja wa lami na utembee taratibu. Gari likikaza kama limeshikwa breki, mtambo huo umeshachoka.